Barua ya wazi: mfumo unaoagiza dawa ukaguliwe kama dawa yenyewe

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nchi anayeshughulikia Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI),
Kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA),
Kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mwanza na waganga wafawidhi wa hospitali za Kanda ya Ziwa.

Waheshimiwa,

Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto hapa Mwanza. Nawaandikia kuhusu kompyuta ambazo madaktari wetu siku hizi wanaagizia dawa, na ombi langu ni moja: mfumo unaoagiza dawa ukaguliwe, ujaribiwe na ufuatiliwe kwa ukali ule ule mnaoutumia kwa dawa yenyewe. Kidonge hakiuzwi nchini bila kusajiliwa na TMDA. Kikimdhuru mgonjwa, ipo fomu ya njano ya kuripoti madhara, na ripoti ile hufika kwa watu wenye uwezo wa kuiondoa dawa sokoni. Lakini skrini inayompa daktari orodha ya vidonge, nguvu yake na mara za kumeza kwa siku, kwetu iliingia wodini kwa semina fupi na karatasi ya maelekezo iliyobandikwa ukutani. Inapokosea hakuna fomu. Tunampigia simu kijana wa tehama, anakuja, anarekebisha anachoweza, na habari inaishia hapo. Hospitali ya jirani yenye kasoro hiyo hiyo haiambiwi.

Sitataja hospitali wala jina la mfumo, kwa sababu nikizungumza na wauguzi wenzangu wa wilaya nyingine za mkoa huu nasikia yale yale. Wala sitaki turudi kwenye karatasi. Nimesoma miandiko ya madaktari kwa miaka mingi. Najua nukta iliyofifia inavyoigeuza 1.0 kuwa 10, na najua mfamasia anavyolazimika kukisia cheti kilichoandikwa kwa haraka katikati ya raundi. Mwaka 1998 watafiti wa hospitali ya Brigham and Women's ya Boston, Marekani, walionyesha kwamba makosa makubwa ya dawa yalipungua kwa asilimia 55 baada ya madaktari kuanza kuagiza kwa kompyuta. Hilo ni jambo kubwa. Nalitaka kwa watoto wetu pia.

Ila kuna hospitali nyingine ambayo kila anayesimamia mifumo hii angepaswa kuijua kabla ya kusaini mkataba wowote. Hospitali ya watoto ya Pittsburgh, huko huko Marekani, iliwasha mfumo wake Oktoba 2002, hospitali nzima ndani ya siku sita. Madaktari wa pale pale wakahesabu watoto waliohamishiwa kwao kutoka hospitali nyingine. Kabla ya mfumo walikufa watoto 39 kati ya 1,394, yaani asilimia 2.80. Katika miezi mitano baada ya mfumo kuwashwa walikufa 36 kati ya 548, yaani asilimia 6.57. Hawakuficha. Waliyachapisha mwaka 2005 ili wengine wajifunze.

Walieleza pia kilichobadilika, na maelezo yao ndiyo yaliyonifanya niandike barua hii. Zamani, gari la wagonjwa likiwa bado barabarani, daktari alikuwa ameshaandika dawa na muuguzi ameshaiandaa; mtoto akiingizwa mlangoni anakutana nayo. Baada ya mfumo, hakuna kilichoweza kuagizwa mpaka mtoto afike na asajiliwe. Agizo lililokuwa la sekunde chache kwa kalamu likataka kubofya mara kumi hivi, dakika moja hadi mbili kwa dawa moja. Dawa zilizokuwa karibu na kitanda zikahamishiwa famasia kuu. Daktari na muuguzi, ambao zamani walisimama pamoja kando ya mtoto, sasa mmoja wao alikuwa amempa mgongo, macho kwenye kompyuta.

Wapo wataalamu waliosema hesabu ile ililinganisha kabla na baada tu, na kwamba huenda mengine yalichangia. Hoja yao ina uzito. Hospitali ya watoto ya Seattle iliweka mfumo wa aina ile ile na mwaka 2006 ikaripoti kwamba vifo havikuongezeka. Hospitali ya watoto ya Stanford, California, ikaripoti mwaka 2010 kwamba vifo kwake vilipungua kwa asilimia 20. Kwangu hilo ndilo fundisho lenyewe, Waheshimiwa: mfumo unaofanana unaweza kuokoa mahali pamoja na kuchelewesha mahali pengine, kutegemea watu walivyojiandaa na kazi ilivyopangwa kuuzunguka. Kwa hiyo kusema "mfumo huu unatumika vizuri kwingine" hakutoshi kuuwasha Mwanza.

Sasa yatazameni hayo mkiwa na ramani ya Ziwa Victoria mbele yenu. Watoto wetu mahututi wengi hawazaliwi hatua chache kutoka hospitali ya rufaa. Wanatoka Ukara, wanavuka kwenda Ukerewe, wanapanda tena meli Nansio kuja mjini. Wanatoka Kome, Sengerema, Geita, Misungwi, Kwimba. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limetuondolea foleni ya kivuko, na sisi tunaopokea wagonjwa wa rufaa tumeiona tofauti. Isije ikawa dakika tulizookoa juu ya maji tunazipoteza mezani kwa usajili.

Maana ndiko zinakopotea. Mama anafika na mtoto mwenye malaria kali, ameshapata degedege njiani, viganja vyeupe kwa kuishiwa damu. Anaulizwa jina la tatu la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, bima, namba ya simu ya baba aliyebaki kisiwani. Sera ya nchi inasema mtoto wa chini ya miaka mitano hachangii gharama, na watumishi wote wanaijua. Lakini msamaha nao lazima uingizwe kwenye mfumo, na mtu mwenye ruhusa ya kuuingiza usiku huo ni mmoja. Nimesimama na mtoto wa namna hiyo huku sindano ya artesuneti ikiwa ndani ya jengo lile lile, na famasia haikuweza kuitoa kwa sababu jina lilikuwa bado halijaonekana kwenye orodha yao. Mfamasia hakuwa mkatili. Angeitoa bila agizo la kwenye kompyuta, asubuhi angedaiwa maelezo ya dawa iliyopungua.

Jambo hili linarekebishika. Namba ya muda ya dharura itolewe kwa kubofya mara moja, agizo lipite, usajili ukamilishwe baadaye. Kabati la dharura libaki wodini likiwa na artesuneti, glukosi, dawa ya degedege na dozi za kwanza za antibiotiki, na muuguzi aruhusiwe kutoa kwanza na kuingiza baadaye. Hospitali inayotuma rufaa iweze kutuma uzito wa mtoto na dawa alizokwisha kupewa kabla meli haijatia nanga, hata kama ni kwa simu, na daktari wa huku aweze kuagiza mgonjwa akiwa bado majini.

Uzito. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu karibu kila dawa ya mtoto inaanzia kwenye mizani. Artesuneti ya sindano ni miligramu 3 kwa kila kilo kwa mtoto wa chini ya kilo 20, na miligramu 2.4 kwa kila kilo kuanzia hapo. Mtoto wa kilo 9 anahitaji miligramu 27. Sasa daktari kijana, aliye mafunzoni kwa vitendo, anafungua skrini usiku, anaandika jina la dawa, na kinachojitokeza mbele yake ni "miligramu 60", kwa kuwa chupa iliyoko stoo ni ya miligramu 60. Yule aliyeijaza orodha ile alikuwa anafikiria hesabu ya bidhaa, na anayeisoma anafikiria dozi. Tatizo hilo si letu peke yetu. Watafiti waliochunguza hospitali kubwa ya chuo kikuu ya Philadelphia, na kuchapisha matokeo mwaka 2005, waliwakuta madaktari wakichukulia vipimo vilivyoko kwenye skrini kuwa ndiyo dozi za kawaida, kumbe ni ukubwa wa vidonge ambavyo famasia ilikuwa imenunua. Waliorodhesha njia 22 ambazo mfumo wenyewe ulisaidia makosa kutokea. Mojawapo ilikuwa kwamba kuziona dawa zote za mgonjwa mmoja kuliweza kuhitaji kufungua kurasa mpaka 20. Muulizeni muuguzi yeyote anayekabidhiana zamu ni kurasa ngapi anazifungua kabla hajajua mtoto anatumia nini.

Na mwaka 2013, katika hospitali ya chuo kikuu kule San Francisco, kijana wa miaka 16 alipewa vidonge 38 na nusu vya antibiotiki badala ya kimoja. Daktari alikusudia miligramu 160, ila kisanduku cha kujazia kilikuwa kimewekwa kwenye miligramu kwa kila kilo, na kompyuta ikazidisha kwa uzito wake wote. Maonyo yakatokea, daktari na mfamasia wakayapita. Mashine ikafungasha vidonge vyote. Muuguzi akashangaa wingi ule, lakini alipopitisha kisomaji kwenye pakiti, mfumo ukamwambia ni sawasawa. Kijana akapata degedege. Ashukuriwe Mungu alipona. Namfikiria sana yule muuguzi. Moyo wake ulimwambia kweli, na skrini ikamnyamazisha. Hospitali ile ilikuwa na fedha, wataalamu na umeme usiokatika.

Tukirudi kwetu, jaribuni kitu kimoja. Andikeni herufi tatu, m-e-t, kwenye kisanduku cha dawa. Zitajipanga metformini ya kisukari, metildopa ya presha ya wajawazito, metronidazoli ya maambukizi, metoklopramidi ya kutapika, na palipo na kliniki ya saratani au ya baridi yabisi, methotreksati. Kidole kikiteleza mstari mmoja, mjamzito anapewa dawa ya kisukari. Na methotreksati ya baridi yabisi humezwa mara moja kwa wiki. Skrini ikijaza yenyewe "kila siku", kama inavyojaza kwa dawa nyingi, dawa hiyo inaharibu uboho wa mifupa na inaweza kumuua mgonjwa. Mfumo wa maana hauiachii dawa ile iagizwe kila siku bila sababu kuandikwa na mtu wa pili kuithibitisha.

Kisha majina. Usukumani kila nyumba yenye mapacha ina Kulwa na Doto. Wana jina moja la baba, tarehe moja ya kuzaliwa, mara nyingi kitanda kimoja, na kwenye orodha mmoja anakaa juu ya mwenzake. Uzito wao hautofautiani sana, lakini ugonjwa unatofautiana: Kulwa ana nimonia, Doto ana selimundu na yuko kwenye dawa yake, hidroksiurea. Vichanga nao wote wanaitwa "mtoto wa" fulani mpaka ukoo ukubaliane jina. Hospitali ya Montefiore ya New York ilipoacha kuwapa vichanga majina ya jumla na kuwaandika kwa jina la kwanza la mama, maagizo yaliyoingia kwa mtoto asiye wake yalipungua kwa asilimia 36. Badiliko hilo halina gharama ya kompyuta mpya. Na wazee wetu wasiojua siku waliyozaliwa wanaandikwa 1 Januari, hivyo tarehe ya kuzaliwa, ambayo mfumo unaitegemea kuwatofautisha watu, kwetu haitofautishi sana. Ukurasa wa kuagizia dawa uoneshe jina lote, kitanda, uzito na siku uzito huo ulipopimwa, kwa maandishi makubwa, kila mara. Na majina yanayofanana yaonekane kwa alama inayomsimamisha mtu.

Kuhusu maonyo nitasema machache. Mfumo unaoonya kila kitu unawafundisha watu kutosoma. Mapitio ya tafiti yaliyotoka mwaka 2006 yalikuta madaktari wakiyapita maonyo 49 hadi 96 kati ya kila 100. Punguzeni. Bakizeni yale yanayoua: dozi iliyozidi uzito, mzio wa penisilini, dawa mbili za kundi moja, dawa isiyofaa ujauzito. Wachague wafamasia na madaktari wa huku, wanaojua dawa tulizo nazo kutoka Bohari ya Dawa.

Umeme nao. Ukikatika, seva ikizima, tunarudi kwenye karatasi, na kurudi si tatizo. Tatizo ni umeme unaporejea. Dozi ya saa nne usiku imetolewa na imeandikwa kwenye karatasi. Kompyuta inasema haijatolewa. Zamu ya asubuhi inaamini kompyuta. Antibiotiki ya gentamisini ikirudiwa hivyo kwa kichanga, figo na masikio ndivyo vinavyolipa. Kila wodi iwe na orodha ya dawa za wagonjwa wote inayochapishwa kila zamu kabla mambo hayajaharibika, na awepo mtu mmoja, kwa jina, mwenye jukumu la kuoanisha karatasi na kompyuta kabla dozi inayofuata haijatolewa. Na kompyuta ziongezwe: pale ambapo madaktari watatu wanaandikia kwenye akaunti moja iliyoachwa wazi, agizo linabeba jina la mtu asiyemjua mgonjwa, na mimi nikitaka kuuliza simjui wa kumpigia.

Ninachoomba mfanye kinawezekana. Marekani, hospitali hupewa wagonjwa wa kubuni na maagizo ya hatari ya kubuni, kisha huangaliwa mfumo unayakamata mangapi. Matokeo ya miaka kumi yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba mwaka 2009 mifumo ilikamata takribani asilimia 54 ya maagizo hatari, na mwaka 2018 takribani asilimia 66. Hata huko theluthi moja ilipita, lakini wanaijua. Jaribio kama hilo linaweza kufanyika hapa hapa. Chuo Kikuu cha Katoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi, pale Bugando, kinafundisha madaktari, wauguzi na wafamasia. Kiombeni kitunge wagonjwa wa kubuni wa Kanda ya Ziwa: mtoto wa kilo 9 mwenye malaria kali, mapacha Kulwa na Doto, mjamzito mwenye presha, mzee wa 1 Januari mwenye baridi yabisi. Kila mfumo ujaribiwe nao kabla ya kuwashwa, na baada ya kila marekebisho.

TMDA, ambao mna ofisi ya kanda hapa hapa Mwanza, ongezeni kwenye fomu ya njano sehemu ya kuripoti kosa lililosababishwa na skrini, na muuguzi anayeripoti alindwe, asiandikiwe barua ya kujieleza. Waganga wafawidhi, mpeni mtu mmoja katika kila hospitali mamlaka ya kuzima ukurasa wa kuagizia dawa papo hapo inapoonekana unadhuru, bila kusubiri kibali cha Dodoma wala cha mkandarasi. Hospitali ya Cedars-Sinai ya Los Angeles ilizima mfumo wake Januari 2003, miezi michache baada ya kuuwasha, kwa sababu madaktari walisema unawakwamisha. Kuzima si aibu. Wizara na TAMISEMI, andikeni kwenye mikataba kwamba kasoro ya dozi ikionekana hospitali moja, msambazaji anawajibika kuwaarifu wote wanaotumia mfumo huo, kama inavyofanyika dawa mbovu inaporudishwa.

Siku ya Usalama wa Mgonjwa Duniani huadhimishwa 17 Septemba. Naomba siku hiyo mtusomee ripoti ya kwanza ya majaribio hayo kwa hospitali za kanda yetu, yenye namba, hata kama namba hazipendezi.

Na kabla ya hapo, mmoja wenu aje. Aje usiku, siku ya kawaida, bila msafara na bila taarifa. Akae kwenye kiti cha daktari wa zamu, afungue mfumo, na amwagizie artesuneti mtoto wa kilo 9 aliyeingia sasa hivi kutoka Ukerewe. Mimi nitasimama pembeni na saa, na nitamwandikia dakika zilizotumika na dozi iliyojitokeza kwenye skrini, azipeleke mwenyewe ofisini.

Wenu katika kazi,
Muuguzi, wodi ya watoto, Mwanza